Kitufe cha Jokofu la Sita

Kitufe nilikibonyeza mimi. Nalitanguliza hilo ili mtu asije akadhani nasimulia habari za mwanamke huyu nikiwa na mikono safi.

Tulimwita Mama Nyuzi. Jina hilo halikutokana na ushonaji, maana hata kifungo cha shati kilimshinda. Nyumbani kwao aliyeshona vifungo alikuwa mumewe, mchomeleaji mwenye vidole kama misumari ya bati. Jina lilitokana na programu yake. Bohari yetu ilitunza chanjo za eneo zima, na chanjo zilikaa katika majokofu kumi na manne, kila moja kimo cha mtu mzima, yamepangwa safu mbili kwenye ukumbi wa vigae vyeupe. Mimi nilikuwa fundi wa majokofu hayo. Yeye aliandika programu ya kuyalinda, nasi tukaiita Mlinzi.

Ndani ya Mlinzi kila jokofu lilikuwa na mtumishi wake, na watumishi hao kwa lugha ya kazi yao huitwa nyuzi. Programu ni moja, nyuzi ni kumi na nne, zote zinafanya kazi kwa wakati mmoja, na kila uzi unasoma kipimajoto chake tu. Joto likipanda, uzi wa jokofu hilo unapiga king'ora na kututumia ujumbe kwenye simu.

Tatizo la mwanzo lilikuwa panya. Panya waling'ata waya wa kipimajoto cha tisa, na uzi wake ukabaki umekaa unasubiri namba isiyokuja. Haukufa, haukulalamika, ulisubiri tu, kama mtu aliyeshika simu sikioni wakati mwenzake ameshakata. Mama Nyuzi akasema dawa ni kuutumia uzi huo ishara ya kuushtua, uache kusubiri, upige kelele kwamba waya umekatika.

"Sasa si utume?" nikamwambia.

"Nikiituma kwa programu nzima, inapokewa na uzi wowote. Nataka kumwamsha wa tisa, nashtukia nimemwamsha wa tatu, na wa tisa bado amelala. Lazima niutumie uzi wenyewe, kwa namba yake."

Alihangaika nayo siku tatu. Ishara ilikuwa ikifika, uzi unashtuka, halafu unarudi palepale kusubiri, kwa sababu kulikuwa na mpangilio mmoja unaoiambia kompyuta: ukikatizwa, endelea ulipoishia. Alipougundua alipiga meza kwa kiganja mpaka kikombe cha chai kikaruka. Nilikuwa chumba cha pili, nikadhani kabati limeanguka.

Alikuwa na hasira, tusidanganyane. Lakini hasira zake zilikuwa na anwani. Hakuwahi kumfokea mfagiaji kwa kosa la mkurugenzi. Aliyekosea ndiye aliyesikia, awe yeyote, na akishasikia, yanaisha.

Mkuu wetu wa kitengo alikuwa kinyume chake. Hakukasirika kamwe. Alicheka na kila mtu, suti yake haikuwa na mkunjo, na alikuwa hodari wa kutoa ahadi ambazo wengine ndio watakaozitimiza. Tukiwa peke yetu tulimwita Njia ya Mkato.

Wiki moja kabla wageni kutoka makao makuu hawajaja, alimfuata Mama Nyuzi ukumbini. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya jokofu la pili, nafuta vumbi la feni.

"Nataka kila jokofu liwe na kitufe chake kwenye skrini," akasema. "Fundi akitaka kulitengeneza, anabonyeza, uzi wa jokofu hilo tu unasimama. Mengine yanaendelea. Wageni watapenda."

"Wazo zuri, mkuu. Nipe siku mbili."

"Siku mbili za nini tena? Si unayo tayari njia ya kutuma ishara kwa uzi mmoja? Badala ya ile ya kuamsha, weka ile ya kuua. Basi."

"Hapana, mkuu. Ile ya kuua haiui uzi. Unaweza kuilenga kwa uzi mmoja, lakini hukumu inaiangukia programu yote. Uzi unatakiwa uambiwe kwa utaratibu: shtuka, tazama kama umetakiwa kuacha, funga kazi yako, ondoka mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya siku mbili."

Njia ya Mkato akacheka. "Dada yangu, unapenda kuyafanya mambo magumu ili uonekane unajua."

Niliona mishipa ya shingo ya Mama Nyuzi ikisimama.

"Siku mbili," akasema. "Ijumaa sipo, nampeleka mama kufanyiwa upasuaji wa jicho. Nitaanza Jumatatu. Na tafadhali, mkuu, usiiguse."

Ijumaa hiyo, saa kumi jioni, Njia ya Mkato alikuja karakana kwangu anang'aa. "Vitufe viko tayari," akaniambia.

"Mama Nyuzi kamaliza?"

"Tumemaliza."

Hilo "tu" lilipaswa kunishtua. Halikunishtua. Mtu ukizoea kuambiwa na mkubwa wako kwamba jambo liko sawa, masikio yanaota kutu.

Jumamosi asubuhi nilikuwa zamu. Feni ya jokofu la sita ilikuwa inakwaruza, nikahamisha chanjo zake, nikaenda kwenye skrini, nikabonyeza. Kiboksi cha jokofu la sita kikawa cha kijivu. Viboksi vingine kumi na vitatu vilibaki vya kijani, kila kimoja na namba yake. Nikasema moyoni, kumbe mkuu naye ana akili.

Sikujua kwamba skrini ile ilikuwa programu nyingine, mbali na Mlinzi. Ilionyesha namba za mwisho ilizopewa, na isipopewa nyingine, inaendelea kuonyesha zilezile. Mlinzi alikuwa ameshakufa tangu kidole changu kilipogusa, nyuzi zote kumi na nne, na skrini ikawa inatabasamu kama maiti aliyepakwa poda.

Nilimaliza feni kabla ya adhuhuri. Nikabonyeza tena ili jokofu la sita lirudi kijani, likakataa. Nikajiambia, watalirudisha wenyewe Jumatatu. Nikaondoka. Sehemu hiyo ndiyo huwa siwezi kuimeza.

Jumapili mchana kompresa ya jokofu la kumi na moja iliungua. King'ora hakikulia. Simu hazikulia. Askari wa getini alichungulia dirishani kila saa kama alivyoagizwa, akaona kijani, akaandika kwenye daftari: salama.

Jumatatu aliyefungua mlango alikuwa mtunza bohari, mama wa makamo ambaye sote tulimwita Shangazi. Alikanyaga maji. Akafuata maji mpaka jokofu la kumi na moja, akalifungua, likampulizia joto usoni. Chupa elfu sita za chanjo ya watoto, zote tulizokuwa nazo. Shangazi hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye vigae vilivyolowa, na sare yake, akaanza kulia kimyakimya. Nilimkuta hivyo.

Kliniki ilikuwa ng'ambo ya ua. Akina mama walikuwa wameshafika, wengine wametembea tangu alfajiri, watoto mgongoni. Muuguzi alitoka mara tatu kuwaambia hakuna chanjo leo, na mara zote tatu hawakumwamini. Mmoja aliuliza, "Leo hakuna, au kwetu hakuna?"

Mama Nyuzi aliingia getini saa mbili kasoro, na mkoba wake begani. Kabla hajafika mlangoni, Njia ya Mkato alikuwa ameshasimama kwenye korido na watu sita wamemzunguka, anasema kwa masikitiko makubwa: "Programu ya Mama Nyuzi imetuangusha."

Alisikia. Hakusimama. Alipita katikati yao, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Saa nne akapelekewa barua: ajieleze ndani ya siku tatu kwa nini asichukuliwe hatua.

Mchana huohuo Njia ya Mkato aliniita. Akanifungia mlango, akanikaribisha kiti.

"Fundi, wewe ndiye uliyebonyeza."

"Ndiyo, mkuu."

"Hatutaki uumie. Tuseme hivi: yeye ndiye aliyekuambia vitufe viko tayari. Sentensi moja tu. Vinginevyo watauliza, fundi huyu kwa nini alibonyeza kitu asichokijua?"

Nilipaswa kusimama nitoke. Badala yake nilisema, "Nitafikiri, mkuu."

Nitafikiri! Mtu mzima mwenye mvi.

Kesho yake asubuhi Mama Nyuzi alikuja karakana. Hakubisha hodi.

"Nani alikuambia ubonyeze?"

Nikatazama spana niliyoishika.

"Nakuuliza wewe, fundi!"

"Mkuu alisema vipo tayari," nikasema. "Lakini sasa anataka niseme ni wewe uliyeniambia."

"Na wewe utasema nini?"

"Sijui."

Alisogea, akanichukulia spana mkononi, akaiweka juu ya meza polepole, bila mlio. Angenitupia, ningeogopa zaidi ya hapo? Hapana.

"Hujui," akasema. "Hilo ni jibu la mtu aliyekwisha kuamua, ila anaona haya. Wale akina mama uliwaona jana? Uliwaona au hukuwaona? Mimi nikiangushiwa jumba bovu, nitatafuta kazi kwingine. Mtoto wa mtu akipata ugonjwa, atatafuta nini kwingine?" Sauti yake ilikuwa inapanda, na mafundi wawili wa jirani wakaacha kugonga. "Nilimwambia asiiguse. Nilimwambia mbele yako! Ulikuwa nyuma ya jokofu la pili, miguu yako niliiona. Usinifanye mwehu."

Akaondoka. Usiku ule sikulala, lakini hilo halina faida kwa mtu yeyote, kwa hiyo naliacha.

Jumatano baada ya kazi nilikwenda kwao. Nyumba ya vyumba vitatu, mlango wa chuma ambao mumewe aliuchomelea mwenyewe. Nikabisha hodi. Aliyefungua ni mama yake, bibi mfupi mwenye bandeji nyeupe kwenye jicho moja.

"Nani?"

"Shikamoo, mama. Ni fundi wa majokofu."

"Marahaba. Yule wa sijui?"

"Ndiye, mama."

"Haya, pita. Angalia kizingiti, maana sijui kama unajua kipo."

Mume alikuwa uani, ameinua barakoa ya kuchomelea juu ya paji la uso. Alinitikisia kichwa bila kunipa mkono. Mama Nyuzi alikuwa kwenye meza ya chakula, kompyuta yake ya zamani mbele yake, karatasi zimetapakaa.

"Nimekuja kusema kwamba nitasema ukweli," nikaanza.

"Sikukuomba, wala sikushukuru. Ndio wajibu wako." Akanisukumia karatasi na kalamu. "Kaa. Andika kila alichokuambia, siku na saa."

Nilipokuwa naandika, alinionyesha alichokipata. Kompyuta huandika shajara yake, na mstari wa mwisho wa Mlinzi ulikuwa wa Jumamosi, saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi: ishara ya kuua imetumwa kwa uzi wa jokofu la sita, programu imekoma. Mabadiliko ya vitufe yalikuwa yameingizwa Ijumaa saa tisa alasiri, kwa jina lake yeye na kwa pasiwedi yake.

"Pasiwedi yako aliipata wapi?"

"Ofisi ina utaratibu wa bahasha. Kila mtu anaandika yake, inafungwa, mkuu anaiweka kabatini kwa ajili ya dharura." Akacheka, kicheko kibaya. "Dharura ilikuwa wageni. Na mimi saa tisa hiyo nilikuwa hospitali ya macho, nimeshika viatu vya mama. Cheti chao kina muhuri na saa."

Mama yake akasema kutoka kwenye kochi, "Na viatu vyenyewe ulivipoteza kimoja."

Hakuna aliyecheka ila mimi, nikajuta.

Kamati ya kuchunguza tukio ilikaa Alhamisi. Mwenyekiti alikuwa daktari mstaafu, mwanamke mkavu mwenye miwani iliyofungwa kamba. Walisoma maelezo yangu, wakaniuliza, nikajibu. Njia ya Mkato hakunitazama. Ilipofika zamu yake hakukana tena kwamba aliingiza mabadiliko, maana cheti cha hospitali kilikuwa mezani. Alibadilisha wimbo.

"Nilifuata mwongozo," akasema. "Mwongozo unasema wazi kwamba amri ile inapeleka ishara kwa uzi mmoja. Kama programu yote ilikufa, basi aliyeiandika aliiandika vibaya."

Mama Nyuzi alisimama kabla ya kuruhusiwa. "Ulisoma mstari wa kwanza ukaacha unaofuata! Ukurasa uleule! Unasema ishara inayoua inaua programu nzima, hata ukiilenga kwa uzi mmoja. Na hata kama hujui kusoma, mimi nilikuambia kwa mdomo!"

"Mama, keti," mwenyekiti akasema. "Nieleze taratibu, kama unayemweleza mama yako."

"Mama yangu ameshaelewa, daktari. Tangu Jumatatu." Lakini aliketi, akavuta pumzi. "Barua unaweza kumwandikia mtu mmoja katika nyumba. Itamfikia yeye tu, mkononi. Kama barua inasema 'amka', ataamka yeye, wengine wataendelea kulala. Lakini kama barua inasema nyumba ibomolewe, hakibomolewi chumba chake peke yake."

Halafu akawasha kompyuta yake. Alikuwa ameandika programu ndogo: nyuzi kumi na nne, kila mmoja unahesabu kwenye mstari wake. Akatuma ishara ya kuamsha kwa wa sita. Mstari wa sita ukaandika "nimeamka", mingine ikaendelea kuhesabu kana kwamba hakuna kilichotokea. Kisha akaisukuma kompyuta mpaka mbele ya Njia ya Mkato.

"Sasa tuma ile yako, mkuu. Kwa wa sita."

Hakunyoosha mkono.

"Tuma! Jumamosi ulimpa fundi atume kwa niaba yako. Leo tuma mwenyewe."

Mwenyekiti ndiye aliyeinuka, akaja, akabonyeza. Mistari yote kumi na minne ikasimama, ikatoweka.

"Ulimlenga nani, daktari?"

"Wa sita."

"Wamekufa wangapi?"

Mwenyekiti akavua miwani. "Wote."

Mama Nyuzi akasema jambo ambalo hakuna aliyemwuliza. "Kosa langu lipo. Skrini ingepaswa kusema kwamba haijapokea namba mpya. Sikulifikiria hilo, na ningelifikiria, fundi angegundua Jumamosi ileile. Liandikeni. Ila lake pia liandikwe."

La Mama Nyuzi liliandikwa. La mkuu halikuandikwa. Ripoti ilitoka baada ya majuma mawili, ikasema chanjo ziliharibika kutokana na "hitilafu ya kiufundi", kwamba skrini ilikuwa na upungufu, na kwamba mtaalamu wa programu hana hatia nyingine. Alitakiwa kutia sahihi kwamba ameipokea na kuikubali.

Aliirudisha bila sahihi. Pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: hitilafu haikujiingiza yenyewe. Wakaileta tena, imebadilishwa neno moja. Akairudisha tena. Shangazi alimsihi, "Mwanangu, umeshaokoa kazi yako, tulia." Akamjibu, "Shangazi, wewe ulikaa kwenye maji. Nani amekuandikia kwa nini?" Safari ya tatu Shangazi mwenyewe ndiye aliyeipeleka ripoti kwa mwenyekiti, kwa miguu. Iliporudi ilikuwa na sentensi mbili mpya, zenye cheo cha mkuu wa kitengo, tarehe na saa. Mama Nyuzi akasaini, na kalamu ilitoboa karatasi.

Tulidhani Njia ya Mkato atafukuzwa. Alihamishiwa makao makuu, ofisi yenye zulia. Siku habari zilipofika, Mama Nyuzi alitoka nje, akazunguka jengo mara mbili kwa hatua za mtu anayekwenda kupigana, akarudi, akaendelea na kazi. Vitufe alivitengeneza kwa siku mbili. Kila kimoja tulikijaribu mbele yake: uzi unaitwa kwa namba, unashtuka, unafunga kazi yake, unaondoka, na wenzake hawana habari. Skrini akaifanya igeuke nyekundu isipopewa namba mpya kwa dakika moja.

Chanjo mpya zilikuja baada ya wiki tano. Akina mama waliorudishwa Jumatatu ile walikuwa mia moja na arobaini. Muuguzi aliwasubiri na orodha. Thelathini na moja hawakurudi. Mama Nyuzi aliiomba orodha hiyo, na kila Ijumaa wakati wa chakula alikwenda kliniki, akakaa na muuguzi kupiga simu. Baadhi walikuwa wamechanjwa kwingine. Baadhi walisema watakuja, wakaja. Namba kumi na moja hazikupatikana kabisa, na hao hatujui mpaka leo.

Mwaka uliofuata Njia ya Mkato alirudi, safari hii yeye ndiye mgeni kutoka makao makuu. Alikuwa amenenepa kidogo. Alizunguka ukumbi, akasifu vitufe, akaeleza wenzake jinsi wazo hilo lilivyoanza. Alipomwona Mama Nyuzi mlangoni alifungua mikono yote miwili.

"Mama Nyuzi! Bado umeninunia? Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

Mikono yake ilibaki hewani.

"Si ndwele kwako," akamwambia. "Yana watoto kumi na mmoja. Wakija wakisema yamepita, nitakupigia simu."

Wale wageni wakatazamana. Mmoja akauliza watoto gani hao, na Mama Nyuzi akavuta kiti, akaanza kumweleza tangu mwanzo, kwa sauti ambayo hata mimi, nyuma kabisa kwenye kompresa, niliisikia yote.